Kuzimu kuna foleni tatu

Mimi sijambo, ila usingizi sina. Najua nimepotea wiki mbili nzima, na wale walioulizana kantini kama nimedisko nawajibu leo: bado nipo sana! Kulikuwa na testi mbili, kulikuwa na kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi na mtu mmoja tu, halafu kikaja kitabu. Hicho kitabu ndicho kilichonimaliza.

Kinaitwa The Lightning Thief, kimeandikwa na Mmarekani anaitwa Rick Riordan, kilitoka mwaka 2005. Ni cha watoto wa darasa la sita, la saba hivi. Rumeti wangu alikinunua kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, jalada limeshabanduka, akanirushia kitandani, "Mwalimu, soma upumzishe akili." Wengine mnaijua hadithi kwa ile filamu ya mwaka 2010, au kwa ule mfululizo wa televisheni ulioanza Desemba 2023. Ni habari za Percy Jackson, kijana wa miaka 12 anayegundua kwamba baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Yaani katika dunia hiyo miungu yote ya Ugiriki bado ipo, ila imehamia Marekani! Olympus iko ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State kule New York. Na kuzimu kuko Los Angeles, unaingilia kwenye studio ya kurekodia muziki. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee, maana leo nataka tuongelee huko kuzimu tu.

Na neno kuzimu nalitumia makusudi. Hades kwa Wagiriki ni jina la mungu wa wafu na pia ni jina la mahali pake. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na waliolileta kwenye Kiswahili walipokutana na Hades waliandika kuzimu, neno ambalo ni ndugu kabisa na mizimu. Kwa hiyo yule tajiri wa kwenye habari ya Lazaro, Luka sura ya 16, kwa Kigiriki yuko Hades. Unaona tulivyo majirani.

Sasa Percy anashuka huko na wenzake wawili, Annabeth na Grover. Wa kwanza kukutana naye ni Charon, mvusha roho. Kwa Wagiriki wa kale marehemu aliwekewa sarafu mdomoni ili awe na nauli ya kumlipa huyu bwana, na Virgil, mshairi wa Kirumi, anasema wasiozikwa walizurura ufukweni miaka 100 kabla ya kuvushwa. Kwa Riordan, Charon amevaa suti ya Kitaliano, kachoka na kazi, na analalamika kwamba bosi hajampandishia mshahara. Percy anampa sarafu za dhahabu na kuahidi kumsemea kwa bosi, mambo yanakwisha. Nilipofika hapo nikasema hewaa, huyu mzee ni mwenzetu wa utumishi!

Ukishavuka unafika langoni. Pana mashine za ukaguzi kama uwanja wa ndege, na pana Cerberus, mbwa mwenye vichwa vitatu. Hapo ndipo marehemu wanapopanga foleni tatu. Mbili zina wahudumu na zinakwenda kinyonga kabisa. Ya tatu ni ya chapchap, haina maswali, watu wanapita tu.

Foleni za polepole zinakupeleka mbele ya majaji watatu. Majaji wanapokezana: leo Minos mfalme wa Krete, kesho Thomas Jefferson, keshokutwa Shakespeare. (Ndiyo, Shakespeare yule yule aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Huko kapewa uhakimu!) Wanaangalia maisha yako. Ukionekana ulitenda makubwa unakwenda Elysium, kwenye nyumba nzuri na raha zote. Ukionekana mwovu unakwenda kwenye Viwanja vya Adhabu. Ukionekana uliishi tu, hukuwa mbaya wala mzuri, unapelekwa Asphodel.

Na foleni ya chapchap? Inakwenda moja kwa moja Asphodel. Percy anashangaa kwa nini mtu achague hivyo, Grover anamweleza: wanaogopa kuhukumiwa, maana hukumu inaweza kuwageukia. Bora kuikosa raha kwa hakika kuliko kubahatisha na kuangukia mateso.

Asphodel kwenyewe hakuna moto wala viboko. Ni uwanda mkubwa usio na mwisho, nyasi nyeusi zimelalishwa na miguu ya wafu wa karne na karne, na watu wamesimama. Wamejaa kama uwanjani siku ya mechi kubwa, ila hakuna mechi na taa zimezimwa. Wanakusogelea wanakusemesha, lakini sauti zao zinatoka kama mlio tu, hushiki neno. Ukimtazama mtu usoni sura inayumba, haikamatiki. Kisha Percy anatazama upande wa Elysium, anaona ni kadogo, watu wa kuhesabika. Anajiuliza kumbe walioishi vizuri ni wachache hivi?

Basi jioni tukakaa kimbwetani, mimi na rumeti na wengine wawili watatu. Rumeti anasoma sheria, kwa hiyo hata chai mnajadili kama kesi. Nikawaambia Asphodel imenikera kuliko Viwanja vya Adhabu.

"Kwa nini ikukere?" akasema rumeti. "Wale wa foleni ya chapchap wamejinyima wenyewe haki ya kusikilizwa. Mahakama ipo, majaji wapo, wamekataa kuingia. Unataka wapewe nini?"

"Na wale walioingia wakaambiwa hukufanya la maana?"

"Hao wamesikilizwa. Hukumu imetoka."

"Imetoka kwa kigezo gani?"

"Mwalimu naye!" akacheka. "Kila kitu kigezo."

Lakini si ndicho tunachofundishwa kila siku? Upimaji na tathmini, semista nzima. Na Wagiriki wenyewe walilijua tatizo. Plato, kwenye kitabu chake kinachoitwa Gorgias, anasimulia kwamba hapo zamani watu walihukumiwa wakiwa bado hai, siku ya kufa, na majaji pia walikuwa hai. Hukumu zikawa za ovyo, kwa sababu mtu alikuja na nguo zake nzuri, ukoo wake, mali yake na mashahidi wa kumsifia. Zeus akabadilisha utaratibu: wahukumiwe wakishakufa, roho ikiwa uchi, na jaji naye awe mfu na uchi vilevile. Akaweka majaji watatu, Rhadamanthus kwa watu wa Asia, Aeacus kwa watu wa Ulaya, na Minos akakaa kama mtahini wa nje, wale wawili wakikwama anaamua yeye. Wanafunzi wa mwaka wa pili mlioandika insha ya uhalali wa mitihani juzi, mmeona? Plato alishaandika yote mapema, kabla ya kina sisi kukesha na madesa.

Sasa niwaambie kwa nini nawatetea watu wa Asphodel.

Nilisoma sekondari ya kutwa. Kidato cha pili na cha tatu nilikaa dawati moja na kijana mmoja. Jina lake silitaji hapa kwa heshima ya mama yake, ila majina yake yote matatu nayajua, lake, la baba na la babu. Darasani tulikuwa 70 na kitu. Yeye alikuwa wa 30, wa 34, wa 31. Hakuwahi kuingia kumi bora, hakuwahi kushika mkia. Hakutoroka, hakupigana, hakuchaguliwa kiranja. Ripoti yake kila muhula iliandikwa maneno yale yale: "Wastani. Ongeza bidii." Yangu nayo iliandikwa hivyo hivyo, basi tukawa tunabadilishana ripoti kwa utani, kila mmoja anasoma ya mwenzake kwa sauti kama yake, hakuna aliyegundua tofauti.

Alikuwa na kitu kimoja, kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, unaigonga kwa kipande cha nondo. Hakuna aliyemteua. Siku moja mwenye zamu hakuja, yeye alikuwa na saa ya mkononi aliyoachiwa na babu yake, akanyanyuka akagonga, na tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Alikuwa na mapigo yake. Ya kuanza kipindi aligonga taratibu, kama anaomba radhi. Ya mapumziko aligonga harakaharaka mpaka unasikia njaa. Ya kwenda nyumbani aliivuta, ngo... ngo... ngo... halafu moja ya peke yake mwishoni, wakati watu wameshaanza kukimbia. Nilimuuliza ile ya mwisho ni ya nini. Akasema, "Ni ya wale wa nyuma."

Likizo ya Juni ya kidato cha tatu aliugua siku nne, ya tano akafariki. Mazikoni alikuja mwalimu mmoja kuiwakilisha shule. Alisimama akasoma kwenye karatasi kwamba marehemu alikuwa mwanafunzi mtulivu na mwenye nidhamu, na shule imepata pengo. Dakika mbili, tena jina la kati akalikosea. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, akainua uso kidogo, akauinamisha tena.

Shule ilipofunguliwa ilikuwa Jumatatu. Muda wa mstarini ukafika, ukapita. Kimya. Watu wamezagaa uwanjani, wengine wanapiga soga, hakuna anayejua kama tuingie au tusubiri. Mwalimu wa zamu akatoka ofisini anafoka, "Nani wa kengele? Nani wa kengele leo?" Hakuna aliyejibu. Ilikuwa mara ya kwanza shule nzima kumtafuta.

Mwaka uliofuata, kabla hatujaanza mitihani ya kidato cha nne, tuliokuwa karibu naye tulichanga tukanunua mifuko miwili ya saruji. Fundi alipouliza aandike nini tukampa majina matatu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, halafu chini yake tukamwambia aandike Mgonga Kengele. Akaandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, akasimama kuangalia kazi yake, kisha akatuuliza, "Hili la mwisho ndilo la ukoo wao?"

Kwa hiyo mnaelewa. Niliposoma habari za ule uwanda, nyuso ambazo hazikamatiki, nilijua Riordan angempeleka wapi rafiki yangu. Hakutenda makubwa. Hakufanya uovu. Wastani, ongeza bidii... milele.

Na Riordan naye ni mwalimu jamani! Alifundisha Kiingereza na historia miaka 15 kabla ya kuwa mwandishi wa kudumu. Hadithi ya Percy aliianza nyumbani, akimsimulia mwanawe visa vya Kigiriki wakati wa kulala, na visa vilipomwishia akabuni vya kwake. Mtoto huyo alikuwa na shida ya kusoma, herufi zinamchanganya, na ile hali ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo. Ndiyo maana mashujaa wote kitabuni wana matatizo hayo hayo, na mwandishi akayageuza kuwa sifa: herufi zinamchanganya Percy kwa sababu ubongo wake umeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na hatulii kwa sababu mwili wake umeumbwa kwa vita. Nilipolijua hilo nilimpenda. Alimchukua mtoto anayefukuzwa kila shule akamfanya shujaa. Mtoto anayesumbua kapata kitabu chake, na mtoto anayeongoza hajawahi kukosa chake. Wa katikati ndiye nikabaki kumtafuta.

Nikashuka maktaba kutafuta hao Wagiriki wenyewe wanasemaje. Nilimchukua Homer, ule utendi wa Odyssey, tafsiri ya Kiingereza, nikaenda kitabu cha 11 ambacho Odysseus anafika kwenye nchi ya wafu. Kumbe! Kwa Homer, uwanda wa asphodel si kwa ajili ya watu wa wastani. Ni wa wafu kwa jumla. Asphodel ni mmea wa maua mepesi unaoota kule kwao, na anayetembea kwenye uwanda huo ni Achilles, shujaa kuliko wote waliopigana Troy! Yupo humo, na anamwambia Odysseus kwamba angependa kuwa kibarua wa mtu fukara juu ya ardhi kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Kitu pekee kinachompa furaha ni habari kwamba mwanawe amekuwa mtu hodari. Akishaisikia anaondoka kwa hatua ndefu, amefurahi.

Na Elysium? Kwenye Odyssey anaahidiwa mtu mmoja, Menelaus, na sababu anayopewa si matendo yake. Ni kwa kuwa mkewe ni Helen, na hivyo yeye ni mkwe wa Zeus. Mkwe! Kujuana kulianza zamani, ndugu zangu.

Lakini kilichonitoa machozi pale maktaba, mpaka mkutubi akanitazama, ni kitu kingine. Odysseus amechimba shimo, amemimina asali na maziwa, divai, maji na unga wa shayiri, amechinja kondoo, na roho zinakuja kwa sababu zikinywa ile damu zinapata nguvu ya kusema. Wapo wafalme, wapo mashujaa, na mama yake mzazi yupo, ambaye alimwacha hai nyumbani. Sasa nani anatangulia kufika? Anatangulia Elpenor.

Elpenor ni nani? Si mtu. Ni baharia mdogo kuliko wote, na Homer anasema wazi kwamba hakuwa hodari sana vitani wala hakuwa na akili ya kutulia. Alikunywa divai akapanda kulala juu ya paa la nyumba ya Circe apate upepo, alfajiri akasikia wenzake wanaondoka, akakurupuka akasahau ngazi, akaanguka akavunjika shingo. Wenzake walikuwa na haraka, wakaondoka bila kumzika. Na Odysseus anapomwona analia. Elpenor anamwomba kitu kidogo: usiniache bila kuliliwa na bila kuzikwa. Nichome pamoja na silaha zangu, nifanyie kaburi ufukweni, na juu yake simika kasia langu, lile nililopigia makasia nikiwa hai pamoja na wenzangu.

Kasia tu. Hakuomba Elysium wala hakuomba aambiwe alikuwa shujaa. Na Odysseus, mwenye safari ya kurudi kwao, mwenye mke anayengoja, anageuza merikebu mpaka kile kisiwa. Wanakata kuni, wanamchoma, wanainua kaburi, wanasimika kasia juu. Yamo mwanzoni mwa kitabu cha 12, mistari michache tu, ukisoma haraka unaipita.

Sisi na mifuko yetu miwili ya saruji hatukuwa tumemsikia Homer. Hatukujua kwamba nondo ile ilikuwa kasia.

Nikarudi chumbani nikamsimulia rumeti. Akanyamaza kidogo, jambo ambalo kwa mwanasheria ni muujiza. Halafu akasema, "Lakini hata hicho kitabu chako hakimdharau mtu wa kawaida. Percy kashuka kumfuata nani?"

Na kweli. Kashuka kumfuata mama yake. Mama yake si mungu wala shujaa wa unabii. Anauza peremende dukani New York na anaishi na mume mkorofi. Percy ana lulu tatu za kumtoa kuzimu, kila moja inabeba mtu mmoja, na wao pamoja na mama wamekuwa wanne. Inabidi amwache, akiahidi kurudi. Hades anamrudisha baadaye, baada ya kurudishiwa kofia yake ya vita iliyoibiwa. Ila fikiria: kitabu kizima cha miungu na radi, na kinachomsukuma yule mtoto ni muuza peremende mmoja. Kwa hiyo Riordan pia alilijua. Ni majaji wake tu hawakulijua.

Plato naye ana kisa mwishoni mwa kitabu chake cha Jamhuri. Askari anaitwa Er aliuawa vitani, siku ya 12 akazinduka juu ya kuni za kuchomea maiti, akasimulia aliyoyaona. Roho zilikuwa zinachagua maisha mapya kwa kura. Aliyeshika namba ya kwanza akarukia udikteta bila kusoma vizuri, akajuta papo hapo. Odysseus akashika namba ya mwisho. Akazunguka muda mrefu anatafuta, mpaka akayakuta yametupwa pembeni, wote wameyaruka: maisha ya mtu wa kawaida anayeshughulika na mambo yake. Akayachukua kwa furaha, akasema hata ningekuwa wa kwanza ningechagua haya haya.

Sijafuta majaji, msinielewe vibaya. Mauaji ni mauaji na wizi ni wizi, na mwizi wa sufuria yetu ya kwenye korido popote alipo namtakia foleni ya polepole. Ila yule uwanda wa Riordan, nikiutazama vizuri, unatisha kwa sababu moja tu, kwamba hakuna anayemtambua mwenzake. Wastani si adhabu. Odysseus aliutafuta kwa taa. Adhabu ni sura isiyokamatika, ni jina la kati kukosewa mbele ya mama yako. Na hiyo haisubiri mtu afe. Inatengenezwa hapa juu, kwa kalamu, mwisho wa muhula, na mwalimu mwenye ripoti 70 mbele yake na koroboi inayoishiwa mafuta. Simlaumu. Nimejaribu kupiga hesabu, ripoti 70 kwa dakika tano tano ni karibu saa sita. Foleni ya chapchap inaeleweka.

Sasa habari yenyewe ni kwamba barua za mazoezi ya kufundisha zimetoka. Nimepangiwa shule ya kata, Historia na Kiswahili, kidato cha pili mikondo mitatu, wiki nane. Aliyetangulia huko mwaka jana kaniambia nihesabu watoto kama 200. Yaani kwa mara ya kwanza kalamu itakuwa kwangu.

Nimenunua kaunta buku. Nimeipiga mistari jana usiku badala ya kusoma, nguzo nne: namba, majina yote matatu, alama, na ya mwisho nimeiandika Kasia. Sijui nitaijazaje. Huyu anajua kuchora ramani, huyu ndiye anayemwagilia maua bila kutumwa, huyu anamsubiri mdogo wake getini. Rumeti kaichungulia akasema, "Watoto 200, wiki nane? Mwalimu, utajaza ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema nikifikisha 100 ananinunulia chipsi mayai. Mmesikia wote, ninyi ndio mashahidi!

Haya, kesho saa mbili asubuhi nina testi ya saikolojia ya elimu na bado sijagusa desa. Mwenye kitabu cha pili, The Sea of Monsters, anitafute chumbani, nitakitunza kama yai. Na wale mliopangiwa mkoa mmoja na mimi tuonane Ijumaa kimbwetani tupange nauli, maana bumu halijaingia na Charon hakopeshi.

Alamsiki.